Mama Mkwe, Kadi Mbili na Dirisha Moja

Jumanne, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa Jumapili,

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nikiandika kwa kirefu unisamehe, kwa sababu tangu mke wangu afariki sina mtu wa kumaliza naye maneno jioni, na maneno yasiyomalizwa hurundikana kama maranda chini ya meza ya kazi. Mimi ni seremala, natengeneza vitanda na makabati, karakana yangu iko mbele ya nyumba, na ndani ya nyumba naishi na mama mkwe wangu, aliyemzaa marehemu. Watu huniuliza, mwanamume unaishije na mkweo na mke hayupo, nami huwajibu kwamba tulimzika mke wangu, undugu hatukuuzika.

Mama ana presha ya miaka mingi. Mke wangu alipokuwa hai ndiye aliyempeleka kliniki, kituo cha afya cha serikali, na ndiye aliyemwandikisha akapata ile kadi ya ruzuku ya wazee, ambayo kwayo serikali humlipia sehemu kubwa ya matibabu na dawa. Alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Dawa mpya ikiingia nyumbani aliishika kwa vidole viwili akaiuliza, "Na wewe unaitwa nani, na umetumwa na nani?" na hakumpa mama mpaka amesoma jina la dawa kwenye pakiti kwa sauti. Wakati ule niliona ni mchezo tu wa kumchekesha mama.

Baada ya msiba, shemeji yangu, yaani kaka yake marehemu, anayefanya kazi benki, akamwingiza mama kwenye bima yake ya kazini, bima ya kampuni binafsi, na hospitali yake ni ile yenye viyoyozi na viti vya kuzama. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini siku aliyomletea mama kadi mpya alitukalisha sebuleni akasema, "Mama, kuanzia leo ile kadi ya serikali itupe. Mshika mbili moja humponyoka. Kazini wakijua mama yangu anakula ruzuku huku nimemkatia bima, wataniita mwizi." Mama akajibu, "Haya baba, nimesikia." Shangazi, wewe ni mtu mzima, unajua mama akisema nimesikia hajasema nimekubali.

Sasa, mama ana viatu vyeusi vya kufunga anavyovaa akienda hospitali ya bima, pamoja na mtandio wa maua, maana anasema pale hata mlinzi ananukia. Wiki iliyopita alirudi nyumbani akaniambia katoka huko, na vile viatu nilikuwa navyo mimi karakanani, nimevibana kwenye jiliwa vikauke gundi kwa sababu soli ilikuwa imebanduka. Nikamtazama miguuni, ana ndala.

"Mama, leo umekwenda kwa bima na ndala?"

"Mkwe wangu, siku hizi unakagua miguu ya wakwe?"

Kisha akacheka mwenyewe, akakaa kwenye stuli niliyokuwa sijaipiga msasa, akaniambia yote. Kumbe anakwenda kotekote. Kwa bima anakwenda na viatu ili moyo wa mwanawe utulie, na kituoni anakwenda na ndala na mtandio uliopauka, wasije wakasema huyu ana mtoto wa benki na anatumalizia dawa zetu. Kila mahali akiulizwa kama anatibiwa kwingine husema hana pengine. Kila mahali ana faili lake na daktari wake, na kila mahali wanampa dawa za presha. "Huku wananipa nyeupe, kule wananipa za manjano," akasema. "Nameza zote, nisimdharau mtu."

Shangazi, hapo nikakumbuka kwamba siku chache kabla ya hapo mama alishikwa na kizunguzungu, akashika mlango wa kabati ambao nilikuwa bado sijaufunga bawaba, akaanguka nao, na sisi tukasema ni jua, ni uzee. Nikachukua pakiti zote mbili nikaenda duka la dawa. Mfamasia akazigeuzageuza akasema, "Kaka, rangi na kampuni ndiyo tofauti, dawa ni ileile. Nani anameza zote?" Nikasema ni za jirani, nikaondoka kichwa chini.

Wiki ijayo mama anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali ya bima, na daktari wa macho amesema lazima ajue kila dawa anayomeza. Nikamwambia mama twende na kadi zote mbili tuseme ukweli. Akanishika mkono. "Ukinisema umenivua nguo mbele ya watu. Watanipokonya zote mbili, na mwanangu atafukuzwa kazi. Na lile benchi la kituoni, mkwe wangu, ndilo nililokuwa nakalia na binti yangu." Nilijaribu kumpima shemeji kwa simu, nikaanza, "Shemeji, hivi mtu akiwa na kadi mbili," akanikata, "Shemeji, wewe shughulika na misumari."

Shemeji simwogopi, na misumari nashughulika nayo vizuri. Kinachonifunga ni hiki, mke wangu katika siku zake za mwisho aliniambia neno moja tu kuhusu mama yake, "Usimwaibishe." Nataka kujua, kutumia ruzuku ya serikali pamoja na bima ya kampuni ni wizi? Na nikimsema mama kwa daktari nitakuwa nimevunja ahadi? Tafadhali utukumbuke, mimi na mama, kabla ya siku ya upasuaji.

Mimi, seremala mgane.

*

Seremala mwanangu,

Barua yako nimeipitisha mbele ya barua nyingine zote, maana ya kwako haingoji Jumapili nyingine. Pole kwa kuondokewa na mke. Umemtunza mama yake kama ulivyomtunza yeye, na kwa hilo nakuvulia kilemba. Sasa nikivae tena, nikugombeze.

Za jirani! Mfamasia amekuuliza swali la uhai wa mtu, wewe unamtaja jirani! Jirani hajaanguka na mlango wa kabati. Kesho asubuhi, kabla hujashika randa, mrudie mfamasia umwambie ni za mkweo, na siku hiyohiyo mpeleke mama kwa daktari mmoja kati ya wale wawili, yeyote atakayepatikana kwanza. Beba dawa zote na pakiti zake. Asiendelee kumeza rangi zote mbili, na asiache zote kwa kuogopa, maana presha nayo haina huruma. Atakachoacha na atakachobakiza atakipanga daktari. Si wewe, si mimi, wala si shemeji. Akishikwa tena na kizunguzungu au akizimia, hapo usingoje kesho, mkimbize hospitali ya karibu.

Tuje kwenye kadi. Kuwa na ruzuku na bima kwa pamoja si wizi. Wewe ukiunga miguu ya kiti unatia gundi na unapiga msumari, ni mteja gani amekushitaki kwa kutumia vyote viwili? Wizi ni kudai gharama moja mara mbili, huku wamelipa na kule unataka walipe. Wizi ni kumwazima mtu kadi yako. Na kusema "sina pengine" ukiulizwa ni uongo, hata ukivaa ndala. Mama yako hakuiba, alidanganya kwa woga, na uongo huo haukumwumiza mwingine, umemwangusha yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, siku ya hospitali, weka kadi zote mbili kwenye dirisha moja la malipo, kwa wakati mmoja, na useme maneno haya: "Mama yangu ana hii na hii. Ipi inalipa kwanza, na kitakachobaki nyingine inaweza kukifikia?" Kisha nyamaza usikilize. Mara nyingi moja hutangulia, nyingine huziba pengo, lakini masharti hutofautiana, na uliza vilevile kwenye ofisi ya ruzuku iliyompa kadi. Ikiwa ruzuku ya kwenu ni ya wasio na bima nyingine, watawaambia, nanyi mtachagua moja mchana kweupe, bila aibu. Na mwombe daktari wa huku amwandikie wa kule, ili mafaili yale mawili yafahamiane.

Shemeji yako naye ana maneno yake. Mwambie mshika mbili humponyoka moja akiwa amefumba macho. Mwambie Shangazi amesema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Aende ofisini kwao, kwa wanaoshughulikia bima za wafanyakazi, aulize waziwazi, kwa sababu anayeuliza mapema haitwi mwizi, na anayegunduliwa baadaye ndiye anayeitwa. Usimpime kwa simu. Mwite aje, mkalishe kwenye stuli ileile isiyopigwa msasa, na mama awepo, aseme mwenyewe.

Maana hujaona jambo moja, mwanangu, au umeliona ukalipita. Kadi moja mama kapewa na mtoto aliye hai. Nyingine kaandikishiwa na mtoto aliyefariki. Shemeji yako kamwambia atupe moja, na nyinyi wanaume mkadhani mnazungumzia hospitali. Ni mama gani angetupa? Shemeji akilielewa hilo atapoa, benki au si benki. Na hata kama kliniki itabaki upande mmoja, benchi la kituoni halikaguliwi kadi. Mpeleke siku moja moja akakae.

Ahadi yako haivunjiki. Aibu ni mama kuanguka tena tukijua sababu. Mkeo alipozihoji zile dawa majina yake na aliyezituma hakuwa akicheza, alikuwa akimlinda mama yake, na kazi hiyo sasa ni yako. Uliza, kwa sauti, kila pakiti, kila siku.

Na siku bandeji itakapotoka jichoni, mpe mama pakiti azisome mwenyewe. Akishamwombea binti yake, mwambie anikumbuke na mimi.

Shangazi wako.