Kaka, Kahawa Ile ya Mfukoni

Kaka yangu mpendwa,

Simu yako haipatikani tangu msimu wa kahawa uliopita. Yule mwenzako wa kijiwe cha bodaboda Murongo, aliyekuwa anakuazima simu yake uongee na Mama, naye amechoka na sisi, siku hizi hapokei. Kwa hiyo naandika. Barua hii haina bahasha, makusudi. Atakayeiona aisome, na kama anakufahamu basi akusomee, ila asikusomee asubuhi kabla mikono yako haijatulia, maana saa hizo hata ukiitwa jina lako husikii.

Ni mimi, mdogo wako wa Kihanga, fundi cherehani. Yule uliyekuwa unasema mdomo wangu unakata kuliko mkasi wangu. Leo mdomo wenyewe umeishiwa, nakwambia ukweli.

Unakumbuka siku za kukamua ndizi pale nyumbani Igurwa? Ndizi zimeiva, zimemenywa, zimemwagwa kwenye ule mtumbwi wa mti, na wewe kifungua mimba umekunja suruali hadi magotini unazikanyaga na majani, huku unaimba besi ya kwaya ya usharika kana kwamba mtumbwi ni madhabahu. Mimi kazi yangu kuchota maji na kukusumbua. Kabla mtama wa kuichachusha haujatiwa, juisi ikiwa bado tamu, unanichotea kwenye kikombe cha bati. "Kunywa haraka Mama asione, na tumbo likikuuma usinitaje." Nilikuwa nakunywa mpaka nashindwa kuinama. Baba anapita, anatuona, anajifanya hajatuona. Sijui kama kuna siku nimewahi kuwa na raha kuliko hizo.

Rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, nyumbani haikuwa kitu cha kuogopwa, wewe unajua. Hakuna posa bila rubisi, hakuna msiba, hakuna kumshukuru jirani aliyekusaidia kulima. Ndiyo maana hatukuona. Tumeangalia pombe maisha yetu yote, tukawa hatuioni.

Halafu ukaanza kutembea na kahawa mfukoni. Sisemi ya kunywa. Nasema ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo mgeni akifika anapewa punje mbili tatu kabla hata hajaulizwa habari za atokako. Vijana wa rika lako hawakuwa na habari nayo, hiyo ni ya wazee. Wewe ukawa unatafuna kutwa. Ukija kunisalimia Kihanga unatafuna, ukienda kanisani unatafuna, ukiongea na Baba unatafuna. Loo, Baba alivyofurahi! "Mnamwona huyu? Sasa ni mtu mzima. Anashika mambo ya kwetu." Akaenda chumbani akatoa kile kikapu kidogo cha kahawa alichoachiwa na Babu, chenye mfuniko, akakukabidhi mbele yetu sote. Ukakipokea kwa mikono miwili. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kaka, tulikupigia vigelegele kwa kuficha harufu.

Wifi ndiye aliyesema kwanza. Alikuja dukani kwangu na kitenge cha kushona, akasubiri mpaka wateja wameondoka, ndipo akasema, "Wifi, kaka yako anatafuna kahawa kabla hajanawa uso." Nikacheka. Nikamwambia, "Si afadhali kahawa kuliko sigara?" Akageuza maneno, akasema gauni lisiwe la kubana. Nyumbani wote tulimwona mwanamke mwenye maneno. Aliporudi kwao na watoto, Mama alisema mambo ambayo leo hawezi kuyarudia.

Na si kahawa peke yake. Ulikuwa unaamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia mitungi ya rubisi, tukasema, ana bidii. Kwenye mikusanyiko wenzako wanaanguka, wewe umesimama wima, unawarudisha makwao kwa bodaboda yako mmoja mmoja, tukasema, huyu kichwa chake ni chuma. Wajomba walikuwa wanakusifu kabisa! Ukaacha kula asubuhi. Mama anakubembeleza, "Waitu, onja hata kidogo," unasema tumbo limejaa gesi. Ukitokwa jasho na mikono ikicheza, ni malaria, unapewa dawa. Ukaacha kwaya, ukasema mwalimu wa kwaya anajisikia. Ukawa mkali kwa vitu vya ajabu, chumvi, mlango, kuku. Mtu ambaye nilikaa naye utoto mzima hajawahi kunifokea, ukanifokea kwa sababu nilikuuliza umelala wapi. Kila kimoja kilikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa mazuri.

Nilichelewa mpaka siku ile wageni walipokuja kumposa binti wa Baba Mdogo. Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa kiume wa ukoo, kwa hiyo kibuyu kilikuwa chako. Wewe ndiye wa kumimina, wewe ndiye wa kuonja kwanza wageni waone kwamba kilichomo ni salama. Ulisimama mbele ya mshenga ukiwa na suti ya kijivu niliyokushonea mwenyewe. Mikono ikaanza. Rubisi ikamwagika kwenye kanzu ya mzee wa watu, watu wakacheka kistaarabu, Baba akakohoa. Ukasema, "Samahani wazee, malaria hii," ukaingia jikoni. Nilikuwa mlangoni na sinia la ndizi. Nilikuona ukinywa kutoka kwenye chupa ya maji iliyokuwa nyuma ya kuni, na hayakuwa maji, ile harufu ya gongo ilinifikia pale nilipo. Ukafumba macho kidogo. Halafu ukarudi sebuleni, ukamimina kwa wazee wote bila kudondosha hata tone.

Baba alitabasamu. Alidhani umepata nafuu. Mimi nilibaki na sinia mkononi, ndizi zinapoa, naangalia ile mikono yako iliyotulia. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Kutetemeka kuna magonjwa mengi. Lakini mkono unaotetemeka ukitulizwa na pombe, huo hauna maelezo mengine, hata mtoto angeelewa.

Nilimwambia Baba. Nilidhani nikisema, kitu kitatokea, kwamba kazi ngumu ni kuona tu. Baba akafanya anachojua baba. Alikufungia ndani ya stoo ya kahawa kwa kufuli, akasema, "Akitoka humo atakuwa mtu." Kesho yake ulikuwa unapiga kelele kwamba siafu wamejaa ukutani. Hakukuwa na siafu. Halafu ukaanguka, ukakakamaa, povu mdomoni, na Mama nje anapiga mlango kwa ngumi, "Mawe, mama yangu! Mnaniulia mtoto!" Tulikupeleka hospitali kwenye gari la kubebea ndizi. Daktari hakutugombeza, na ingekuwa nafuu angetugombeza. Alisema mwili ukishaizoea kiasi hicho usikatizwe ghafla nyumbani, mtu anaweza kufa, lazima aachishwe chini ya uangalizi. Nikamwambia kwamba wewe ulikuwa hulewi hata ukinywa namna gani. Akasema, "Dada, huyo asiyelewa ndiye wa kumwahi." Baba alivua kofia akaikunja, akaikunja tena.

Ulirudi kutoka hospitali ukiwa umenenepa kidogo. Ukala ndizi na maharage, ukaomba kuongezwa. Jumapili ukaimba. Nilikaa safu ya wanawake nikasikia besi yako chini kabisa ya wenzako, nikalia hadi jirani yangu akanipa kitambaa. Nilisema, yameisha.

Kisha mikungu ikaanza kupotea shambani. Kisha ukasema unahamia Murongo kwa sababu mpakani abiria ni wengi. Kisha tukasikia bodaboda haipo. Kisha simu.

Nilikuja, Kaka. Sijui kama unajua kwamba nilikuja. Mama alifunga ndizi kwenye jani, akaweka na nyama ya kuchoma, akanitayarishia na maneno ya kukwambia, mengi kweli, nikapanda gari nikiyakariri. Pale Murongo niliuliza kijiweni. Hawakuwa na haja ya kufikiri, wote walionyesha upande mmoja, kule malori yanakopakuliwa. Ulikuwa umekaa juu ya gunia tupu. Miguu imekuwa myembamba, uso umevimba, na shati ulilovaa si lako. Nilisimama mbele yako mchana kweupe, jua linatuwakia wote wawili.

Ukainua macho. Ukasema, "Shikamoo mama. Nisaidie hata ya chai."

Nilisubiri ucheke. Wewe na utani wako, nilisema sasa hivi atacheka. Nikakwambia, "Kaka, ni mimi." Ukatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomfanyia mteja asiyeelewa bei, ukarudia, "Shikamoo." Wewe uliyenibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mvua. Nami nikaitikia, marahaba. Ningefanyaje? Salamu ilikuwa inasubiri.

Nilikupa chakula cha Mama. Ukasema, "Mungu akubariki mama," ukasimama, ukaondoka nacho kwa haraka ambayo sikutegemea kwa miguu ile. Nilikufuata kwa mbali. Ulikwenda kwenye kibanda cha mwanamke mmoja anayeuza pombe kali kutoka ng'ambo ya mpaka, ukampa lile jani bila hata kulifungua, naye akakumiminia glasi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Dada, msimbebe kwa nguvu. Sisi tulishampakia mpaka Igurwa, tukamwacha kwenu getini. Kesho yake tukamkuta hapa." Sisi hatukukuona getini. Kumbe ulifika nyumbani, Kaka, ukaligeuzia mgongo geti na Mama yuko ndani.

Sasa nazijua dalili zote. Ukiniamsha usingizini nakutajia. Kijana wa mteja wangu akija dukani namwangalia mikono kabla ya uso, na mama yake ameshaanza kunichukia. Kama anayekusomea barua hii ana kaka ambaye hapungukiwi na sababu, tafadhali mwambie asingoje kama sisi. Lakini wewe, kujua kwangu kunakusaidia nini? Nimeuliza hospitali, wamesema wako tayari kukupokea, ila uje ukiwa umekubali. Nimeuliza mchungaji, tumeomba. Nimekuuliza wewe, ukaniamkia. Sina pengine pa kuuliza. Nikikaa kwenye cherehani mguu unakanyaga wenyewe, nguo inakwenda, sijui hata nashona nini. Nina hasira na wewe ambazo hazina mahali pa kutua, na nikizitafuta vizuri chini yake nakukuta wewe tu.

Nirudi kwenye siku ile. Nilifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, hajabadili nguo, kumbe amekaa hapo tangu niondoke.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Chakula amepokea?"

"Amepokea."

"Amesemaje?"

Nilitafuta kwenye yote uliyosema kitu ambacho Mama anaweza kulala nacho.

"Amesema shikamoo."

Mama akageuza uso wake kuelekea barabara ya Murongo, akaiweka sawa khanga begani, akaitikia kwa sauti ya juu ili ikufikie, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Mungu asikuache huko uliko, maana sisi hatujui tukushike wapi.

Mdogo wako