Darubini ya Kutazamia Ngolo

Ukata, Mbinga
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Clemence,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, maana simu zangu hupokei. Marahaba. Habari za Arusha? Wifi hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa anakohoa msibani, kifua kimeachia?

Sisi tunapumua. Baridi imeshuka, ukungu unakaa bondeni hadi jua liwe juu. Kahawa tumeanza kuchuma, na mashine yangu ya kumenyea, ile niliyoipata kwa kukaanga vitumbua stendi ya Mbinga bila msaada wa mtu, bado inadai mafuta kila siku kama mtoto mchanga.

Misa ya arobaini ya mama yako, mama yangu mdogo, ilisomwa. Ulituma mchele, wewe hukuja. Nimelisema mara moja, silirudii.

Clemence, nguruwe wamerudi. Mahindi yamekomaa na wao wanajua. Ngolo alizoacha mama mdogo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, wamezifukua safu nzima ya chini, huwezi kujua shimo lilikuwa wapi na tuta lilikuwa wapi. Vijana wamepata kibali cha idara ya wanyamapori na wanataka kutoka kuwasaka. Wanamtaka kaka Nazari akae juu ya kilima awe jicho lao, kwani njia za nguruwe anazijua yeye. Bunduki hapewi, iko polisi mpaka kesi iishe. Kutazama tu.

Amekataa. Ameniambia, “Dada, neno nguruwe sitalitamka tena mpaka nione masikio.”

Sijui kama unajua anavyoishi. Akipita kilabuni, Henry anamwita kwa sauti, “Nazari, leo mimi ni mtu au nguruwe?” Watu wanacheka kwenye vikombe. Yeye anajibu, “Ni mtu, baba,” anapita. Na wewe kwenye matanga ulihama benchi alipokaa.

Basi nikuambie ambalo hukungoja kuambiwa. Mtu akiinama ndani ya ngolo, ukimtazama kutoka kilima cha pili unaona mgongo tu, na udongo unaruka. Nguruwe akifukua ni hivyohivyo. Mama mdogo alijifunga lile blanketi jeusi, akashuka alfajiri kuokota maharage yaliyosalimika. Nazari akatazama kwa darubini kutoka kilimani. Picha ilikuwa ndogo, akazungusha ukuzaji hadi mwisho, ikawa giza na doa linalochezacheza. Aliposhuka kupitia mahindini alikuwa ameshaamini ni nguruwe. Mabua yakatikisika, akafyatua.

Ile darubini uliituma wewe. Siandiki kukuchoma. Mama yako alilipakata boksi lake mbele ya majirani wote: “Mwanangu ameniletea macho.” Imeandikwa inakuza mara sabini, nawe uliamini namba kubwa, kama ambavyo ningeamini mimi. Lakini nimepiga hesabu. Kioo cha mbele kina milimita hamsini. Gawanya kwa sabini. Haifiki hata milimita moja ya mwanga wa kuingia jichoni, na hiyo ni kwenye ukungu, juu ya miguu mitatu inayotetemeka kwa pumzi ya mtu.

Tumechanga laki sita. Huko kwenu wapo madereva wa watalii wanaouza zilizotumika. Mtumba si aibu, kioo kisiwe na mkwaruzo wala ukungu ndani. Tafuta ya jicho moja, kioo cha mbele milimita sitini na tano. Ikikuza mara ishirini inatutosha. Hapo mwanga unapata milimita tatu na robo. Wakikutajia sitini, sabini, waache waongee. Uzito usizidi kilo moja na nusu, kile kilima unakijua. Hela ikibana, punguza kwenye darubini, usipunguze kwenye miguu mitatu.

Ningeweza kumtuma mtu mwingine. Nimekuandikia wewe kwa sababu hakuna atakayeichagua kwa uchungu kuliko wewe, na kwa sababu Nazari ameniambia ikitoka mkononi mwako ataipokea. Isipotoka kwako hapandi.

Usiijaribie kwa muuzaji mchana. Omba uende nayo alfajiri, jua halijatoka. Mwombe wifi ajifunge nguo nyeusi, asimame mbali kama kutoka kwetu hadi kwenye kanisa la kigango, halafu ainame kama anayeokota maharage. Tazama. Usipoona kwamba ni mtu, mrudishie mwenye mali.

Baba yako mkubwa Tarsisi anakusalimu, mguu bado unamsumbua. Aurelia anakusalimu. Nazari hakunituma salamu. Alisimama mlangoni nilipokuwa naandika, akauliza kama nimefika kwenye jina lake.

Mungu akulinde huko, na amlaze mama yetu mahali penye mwanga.

Dada yako akupendaye hata ukiwa umenuna,
Ottilia