Rimoti Uliyozikwa Nayo

Baba,

Sijui barua ya namna hii huanzaje. Shuleni tulifundishwa kuuliza hali kwanza, lakini hali yako siwezi kuiuliza, na yetu nadhani unaijua. Leo ni Jumapili mchana. Mama ameenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mdogo wangu Owuor yuko nje na mpira wake. Nimekaa mezani pako na televisheni iko mbele yangu, imezimwa, na ninajiona ndani ya kioo chake. Niko peke yangu mle. Nimeangalia mara mbili.

Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine, kwa hiyo nakueleza wewe, kwa utaratibu, kama ulivyopenda.

Rimoti tuliitafuta siku tuliyorudi kutoka kukuzika Usenge. Tuliinua viti, tukatikisa blanketi, Owuor akaingia chini ya kitanda na kutoka na soksi yako moja. Mama akaishika ile soksi akakaa nayo. Shangazi Atieno, aliyekuja nasi, akauliza tunatafuta nini. Tulipomweleza jinsi ilivyo, ndefu, nyeusi, imefungwa kwenye nailoni na raba mbili za kufungia, akasema bila wasiwasi wowote, "Hiyo niliona. Ilikuwa kwa mfuko ya ile koti tulimvalisha. Nikaiacha hapo hapo. Kitu haijawahi kutoka kwa mkono yake miaka yote, mlitaka aende mkono mtupu?"

Alidhani ni kifaa cha kazi yako ya stesheni. Kwake hakuna televisheni. Kila mara alipokutembelea alikukuta umekishika.

Hakuna aliyemlaumu. Mama hata alitabasamu kidogo. Tulijua tu kwamba sasa sauti itabaki pale ulipoiacha, chini kabisa, kwa sababu vitufe vya mbele vilikufa siku Owuor alipovipiga kwa mpira, kikabaki kile cha kuwasha na kuzima. Ulipenda sauti ya chini. Ulisema mtu akitaka kusikia atasogea. Basi tukasogea, sisi watatu, magoti yakigusana, tukasikiliza taarifa ya habari kama watu wanaonong'onezewa siri.

Na kabla ya michezo, televisheni ikazimika.

Stima haikupotea. Balbu ilikuwa inawaka. Kioo kilifanya kile kinukta cheupe katikati, kikafifia. Nilitazama saa ya redio: saa moja na dakika ishirini na sita. Kesho yake, saa moja na dakika ishirini na sita. Siku ya tatu vilevile.

Unaijua dakika hiyo, Baba. Kwenye saa yako ya mkono ilikuwa saa moja na nusu kamili, kwa kuwa saa zako zote uliziweka mbele dakika nne, ya mkono, ya ukutani, hata ya kengele yangu, isipokuwa ile ya redio, usije ukachelewa gari la moshi. Miaka yote hiyo ndiyo dakika uliyoinua rimoti na kusema, "Habari zimekwisha. Vitabu." Na habari hazikuwa zimekwisha hata siku moja! Owuor amekua bila kujua matokeo ya mpira.

Siku ya tatu Owuor aliinuka akabonyeza kile kitufe cha mbele, ikawaka. Mama akamwambia azime upesi. "Baba yako amesema imetosha."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mama aliogopa kwa juma moja tu. Baadaye alianza kuingoja. Ilipofika saa kumi na mbili alioga, akavaa leso safi, akakuwekea kiti chako pembeni kidogo, mahali unapoweza kuona. Kioo kikizimika alivuta stuli yake karibu na kuzungumza nacho: nani amejifungua, unga umepanda, na mimi, Akinyi, nimekuwa wa tatu darasani. Mezani kwake sokoni omena zake, wale dagaa wa ziwani, ziliuzwa na jirani. Watu waliokuja jioni hakuwafungulia mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake na kitabu, nikisoma mstari uleule. Kulikuwa na vituo katika maneno yake, Baba. Aliuliza, akanyamaza, kisha akaendelea kana kwamba amejibiwa.

Habari zikafika Usenge. Majuma matatu yaliyopita Shangazi alikuja, akaketi nasi, akaona kwa macho yake. Hakupiga kelele. Aliniambia jikoni, akishika mkono wangu kwa nguvu, "Mimi ndiye nilimpa hiyo kitu. Kama ndiyo anasumbua nayo nyumba, mimi nitaitoa." Baba Mkubwa alikuwa amekubali. Wangekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wamchukue Mama, waende naye nyumbani, kaburi lako lifunguliwe.

Usiku huo nilikuona, koti la kahawia, mikono. Nilijua Mama akiona mle ndani hatarudi tena kwetu. Nilikuwa na majuma matatu ya kujua kama ni wewe au ni mashine.

Nilikwenda kwa Bwana Salim, yule fundi wa Kibuye aliyekutengenezea saa. Unajua ninavyoona haya kuongea na watu. Nilipita mbele ya kibanda chake mara nne mpaka akaniita mwenyewe. Nilimweleza nikiangalia viatu vyangu. Akacheka, lakini kwa upole. "Binti wa stesheni, televisheni za namna ile zina saa ndani. Mtu anaiambia, saa fulani zima, nayo inazima kila siku. Marehemu alijua kupanga mambo, Mungu amrehemu. Ila mlango wa kuifikia ile saa uko kwenye rimoti." Kisha akakuna ndevu. "Ila stima ikipotea, ile saa inasahau kila kitu. Lazima mtu aiweke upya. Kwenu stima haijapotea?"

Ilikuwa imepotea. Huku kwetu Manyatta, Baba! Tangu tukuzike ilikuwa imepotea mara tatu, mara moja siku mbili nzima.

Aliniazima rimoti mpya, ile ya kutumika na televisheni yoyote, na karatasi yake ya maelezo ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Ikikubali, uje unifundishe na mimi," akasema.

Ilikuwa na vitufe vichache: kuwasha, sauti, stesheni, namba, kimoja cha maandalizi na kimoja cha video. Cha saa hakikuwemo. Kwanza nilitakiwa kuitafutia televisheni yetu namba yake katika orodha ndefu ya watengenezaji, na jina la mtengenezaji lilifutika kabla hujainunua. Nilijaribu namba moja baada ya nyingine kila nikitoka shule, Mama akiwa bombani. Siku ya nne nilibonyeza sauti na sauti ikapanda. Baba, ilikuwa kama mtu ameingia ndani akipiga ukelele. Mama aliyekuwa anarudi aliangusha mtungi wa plastiki mlangoni. "Irudishe! Irudishe alipoiacha!" Nilikuwa nimehesabu mibonyezo: kumi na mmoja. Niliishusha kumi na mmoja. Hakuniuliza chochote, akaenda kuchota maji mengine.

Vitufe visivyokuwepo, karatasi ilisema, vinaweza kufundishwa. Unashikilia kitufe cha maandalizi mpaka taa imulike mara mbili, unaingiza namba tatu za siri, kisha namba tatu za amri unayoitaka, kisha kitufe kitakachoibeba. Nilichagua kile cha video, maana video hatuna. Lakini amri gani ina namba gani kwa televisheni yetu, karatasi haikusema. Kwa hiyo nilianza na sifuri tatu nikapanda, nikiandika kila namba kwenye daftari na kilichotokea. Owuor alinicheka. "Wewe utaolewa na hiyo rimoti."

Nyingi hazikufanya kitu. Sitini na mbili iliondoa rangi zote, msomaji wa habari akawa wa kijivu kama picha iliyokuwa juu ya jeneza lako. Tisini na moja iliwasha kioo cha buluu kitupu chenye mlio mwembamba, na Owuor hakunicheka tena, akatoka nje. Mia na kumi na mbili ilileta saa kwenye kona.

Ilikuwa inatembea. Ilikuwa mbele ya redio dakika nne.

Nilikaa chini sakafuni. Nilisema "Baba" kwa sauti, mchana kweupe, halafu nikaona aibu. Nikajiambia Bwana Salim amekosea kuhusu stima, mafundi nao hukosea. Niliendelea. Alhamisi, siku mbili kabla ya wao kuja, mia moja sitini na tatu ilifungua mstari wa kijani chini ya kioo: kuzima, kila siku, 19:30.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hukuwa unabonyeza. Miaka yote ulikuwa unainua tu ile rimoti kwenye dakika yake, na sisi tulikuwa tukiangalia kioo, hatukuangalia kidole chako. Ndiyo maana nilipokuomba dakika tano zaidi, siku ya fainali, ulisema, "Si mimi, Akinyi. Ni saa." Nilidhani unanikatalia. Nililia chumbani. Nisamehe.

Jana, Jumamosi, walifika asubuhi, Shangazi na Baba Mkubwa, na Mama alikuwa amekwisha kuvaa nguo nyeusi. Hujawahi kunisikia nikiongea mbele ya wakubwa. Nilisoma kutoka kwenye daftari langu, ukurasa baada ya ukurasa, sikuinua uso. Baba Mkubwa alisema, "Huyu mtoto anasoma nini, hesabu?" Basi niliwasha televisheni, nikafungua mstari wa kijani, nikabadilisha saa ya kuzima mbele yao kwa vitufe vya namba, nikaweka dakika tano mbele, nikaiweka rimoti mezani, nikakunja mikono. Tulikaa wanne tukitazama chenga za asubuhi, matangazo bado. Ikazimika.

Shangazi alipiga yowe. Kisha akaniambia nirudie. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu alicheka mpaka akafuta machozi kwa shuka lake. "Kwa hiyo ndugu yangu nimemwachia kipande ya plastiki bure! Na huko anaulizwa, wee Okoth, hiyo ni nini unashika?" Hata Mama alicheka. Baba Mkubwa alinishika kichwa akasema, "Hakuna kaburi itafunguliwa." Waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Nilifuta ile saa ya kuzima. Mstari ukabaki na vistari vitupu.

Mama alichukua ungo wa mchele akaketi. Halafu akasema, si kwa huzuni, "Kumbe ni saa tu." Na baadaye, akichambua mchele, "Lakini irudishe, Akinyi. Ile saa moja na nusu aliiweka yeye. Iache."

Nilimwambia sawa, Mama.

Saa tisa stima ikapotea. Ikarudi saa kumi na mbili na nusu. Nilikwenda haraka kuweka saa yako ya kuzima kabla Mama hajatoka jikoni. Bwana Salim hakukosea, Baba. Kwenye kona kulikuwa na sifuri nne, zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Ndani ya televisheni hakukuwa na saa yoyote, na mstari wa kijani ulikuwa mtupu. Amri ya kuweka saa yenyewe, ambayo bila hiyo mstari wa kijani hauna kazi, sikuwa nimeifikia. Nilikuwa nimekomea mia moja sitini na tatu. Nilijaribu namba nyingine ishirini. Hakuna. Mama akaingia amevaa leso safi. Kiti chako hakukiweka pembeni safari hii. Alikikalia yeye.

Nilijipanga kumweleza baada ya habari. Ingeendelea tu, mpaka michezo, mpaka hali ya hewa, naye angejua sijairudisha.

Msomaji alikuwa katikati ya neno. Kinukta cheupe. Kikafifia.

Sikuhitaji kutazama redio lakini nilitazama.

Mama aliniangalia akitabasamu, tabasamu lake la zamani. "Asante, mama. Umeirudisha." Hakuzungumza na kioo. Aliinuka, akaniambia nisichelewe kulala, akaenda kuchambua omena za kuuza Jumatatu. Anarudi sokoni, Baba. Anadhani ni mimi.

Nami nilisema ndiyo.

Ni hilo tu nililotaka ujue. Rimoti ya Bwana Salim nitamrudishia kesho, na nitamfundisha kama alivyoniomba, mpaka mia moja sitini na tatu. Sitamwambia lililofuata, wala Shangazi, wala Owuor. Wakijua, watarudi na majembe. Nakuahidi hakuna mkono utakaokugusa huko uliko kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwangu. Kama ni waya fulani mle ndani umezoea, basi na uzoee. Kama ni wewe, sikuogopi sana. Naogopa kidogo.

Jua limeshaingia upande wa ziwa na Mama ninamsikia langoni anacheka na mtu. Nitaikunja karatasi hii niiweke ndani ya soksi yako. Jioni tutawasha, tutasogea, magoti yetu yatagusana, na dakika yako ikifika sitakuomba dakika tano.

Kwaheri, Baba. Lala. Ukizima tu, nachukua vitabu.

Mwanao,
Akinyi