Kibati cha Wanjiku

Thika, hospitalini

Kaka yangu Mwakio,

Hujambo wewe, na mama je? Mguu wake umepona, au bado anaukokota shambani akijifanya mzima? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo unachemka. Msomee mama polepole.

Katika haya mafunzo ya unesi nina rafiki, Wanjiku, ambaye baba yake huchuma kahawa Ruiru. Mikono ya Wanjiku ni myepesi kuliko yetu sote. Kinachomshinda ni Kiingereza. Sasa sikia upuuzi wa hapa. Ukisikika ukisema lugha ya kwenu, hata Kiswahili, Sista mkuu anakuvika kibati cha adhabu shingoni, na mwenye kibati haingii darasani, anakwenda kufua bendeji. Yaani asiyejua Kiingereza ndiye anayenyimwa masomo! Huko ni kufundisha au kufukuza? Wanjiku alifua wiki tatu, akaanguka mtihani. Akaambiwa arudie Ijumaa, akianguka tena basi. Na kabla hata ya mtihani wenyewe, baba yake akaandikiwa aje Jumamosi kumchukua. Ebo!

Sikuvumilia, kaka. Jumatatu nilisimama mbele ya Sista nikaita kwa sauti, "Wanjiku, maji ya kufulia yamechemka?" Nikavikwa changu. Kule kwenye karai tukafua huku tukisoma homa, mapigo ya moyo, vidonda. Mimi naeleza kwa Kiswahili, yeye anarudia kwa Kiingereza. "Ngai! Kumbe ni hivyo tu?" anasema. Kufikia Alhamisi tulikuwa wasichana watano, wote ila yeye tumejitakia.

Jumamosi mzee akafika na baiskeli, na kamba ya kufungia sanduku mkononi. Sista akatoka na karatasi, akamwambia jambo kwa Kiingereza. Mzee akajizungushia kamba vidoleni. Sista akarudia. Mzee akatikisa kichwa, haelewi. Mwishowe ikambidi Sista aseme, "Amepita. Anabaki."

Mzee alirudi Ruiru na baiskeli tupu, akilia na kucheka.

Msalimu mama, na shangazi aliyenishonea sare. Waambie sitoki hapa mpaka niwe nesi.

Nimebaki na swali moja, kaka: Sista alisema Kiswahili mbele yetu sote. Mbona hakuvaa kibati?

Mimi dada yako, ninayefua mpaka Jumatano,
Wakesho