Dirisha la Tiketi

Jumatatu, 1 Julai 1968
Nimesomesha madarasa mawili leo. Mwalimu mwenzangu anaumwa. Chaki zimekwisha. Mchana nikala kwa shangazi yangu, Bi Mize, muhogo na dagaa, kama kila Jumatatu. Anakaa pale pale kwenye chumba chake cha mawe, kando ya njia ya reli ya zamani, peke yake tangu mumewe afariki. Reli yenyewe iling'olewa mimi sijazaliwa.

Mwalimu mkuu anataka historia ya kituo cha gari la moshi cha hapa kijijini. Wakubwa wa wilaya wanakusanya habari za vijiji. Nimepewa kazi hiyo mimi. Nani mwengine? Walimu wenzangu hata barua ya ruhusa inawatoa jasho.

Alhamisi, 4 Julai
Wazee watatu, msikitini, baada ya alasiri. Kila mmoja ana gari la moshi lake. Mmoja anaapa cheche zilimtoboa kanzu ya Idi. Mwengine eti lilikwenda polepole hata mtu akishuka, akienda haja, akilidaka tena. Waongo wakubwa. Lakini wote wanasema kituo kilikuwa pale kwa Bi Mize. Hilo limenitosha.

Jumapili, 7 Julai
Nimemaliza. Kurasa nne, hati safi. Nimeandika kwamba jengo la kituo lipo hadi leo, na ushahidi ni lile dirisha dogo la kukatia tiketi, upande wa njia. Utoto wangu wote nimepokea vitumbua vya shangazi kwenye dirisha lile, kumbe nilikuwa nashika historia. Najisifu, ndiyo. Kazi nzuri.

Jumamosi, 20 Julai
Wamesifu wilayani. Mwalimu mkuu kaisoma barua mbele ya walimu wote: Mwalimu Makame, mfano wa kuigwa. Nikampelekea shangazi habari. "Hongera mwanangu," akasema, akaendelea kupepeta mchele. Hakuuliza nimeandika nini. Nami sikumwambia.

Ijumaa, 26 Julai
Kaja bwana wa wilaya na karatasi. Kituo kilikuwa mali ya serikali, kwa hivyo jengo ni mali ya serikali. Litafanywa ghala. Bi Mize ahame ndani ya wiki mbili. Akiwa na la kusema, aseme Jumatatu mkutanoni. Nikamuuliza bwana yule ana ushahidi gani. Akanionyesha. Kurasa nne, hati safi.



Jumatatu, 29 Julai
Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa skuli. Shangazi alisimama, akasema: "Kituo kilikuwa banda la mabati, kule kwenye mihogo. Mawe ya msingi wake yapo mpaka leo. Banda lilipoanguka ndipo mume wangu akajenga chumba chetu pale, kwa chokaa tuliyoichoma wenyewe. Dirisha alinitobolea mie, nipate kuuzia vitumbua. Nani kasema la tiketi?"

Uwanja mzima ukanigeukia.

Nikasimama. Nikasema huenda nimekosea. Bwana yule hata sauti hakupandisha. "Mwalimu, uliidanganya serikali ulipoandika, au unaidanganya sasa?"

Miaka hii kila mtu anajua swali kama lile linampeleka mtu wapi. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria ngozi yangu. Nikakaa kitako. Shangazi yangu akabaki kasimama peke yake, nami nikatazama viatu vyangu mpaka mkutano ulipokwisha.

Njiani jirani mmoja akasema, makusudi nisikie: kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 30 Julai
Nimekwenda kwenye mihogo. Mawe yapo, yamejipanga sawasawa chini ya majani, hatua kumi na tano. Kutoka skuli ni mwendo wa dakika mbili. Lo, mjinga mimi!

Ijumaa, 9 Agosti
Tumehama. Mimi nimebeba kitanda, sanduku, vyungu na chuma chake cha vitumbua. Yeye kabeba mkeka na Msahafu. Mlangoni wametia kufuli jipya. Nimempa chumba changu cha mbele, mimi nalala ukumbini.

Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe. Niliwauliza wazee wote."

"Wote?" akasema. "Nshakaa mle miaka thelathini na tisa. Kila Jumatatu waja kula kwangu. Mie hukuniuliza."

Hakulia. Bora angelia. Bora angenitukana matusi ya nguoni, ningejua pa kushika.

Jumatano, 14 Agosti
Shikamoo. Marahaba. Basi, siku nzima.

Jumapili, 18 Agosti
Ghala bado halina kitu. Kufuli tu, na mbuzi wa watu wamelala kivulini.

Jana shangazi aliroweka mchele. Asubuhi hii kaniita chumbani, akagonga ukuta wa upande wa njia kwa kifundo cha kidole. "Hapa," akasema. Nikaenda kuazima nyundo na tindo kwa fundi. Niliporudi nikachukua kipande cha chaki nikaanza kupiga mstari ninavyoona mwenyewe. Nikasita. Nikafuta kwa kiganja.

Nikamuuliza dirisha liwe na upana gani, na litoke chini kiasi gani. Kisha akaichukua chaki, akachora mwenyewe.