Nimempangia Jirani Saa za Kunitembelea

Likoni, Novemba 1991

Kwa Bi Khairiya,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, Mholanzi, niko hapa Likoni kwa miezi minane kwa ajili ya masomo yangu ya chuo kikuu, na nakuandikia kwa sababu jirani yangu ameanza kunifanyia adabu, na adabu hiyo inaniumiza kuliko tusi, na sijui niiondoe vipi.

Nimepanga chumba na ukumbi mdogo kwa Mzee Faki, na ua wangu umepakana na ua wa Bi Mwanatabu, mama wa Kidigo, kati yetu hakuna ukuta ila makuti yaliyochakaa yenye upenyo, na tangu wiki ya kwanza Bi Mwanatabu alikuwa akipita upenyo ule na kuingia kwangu kwa mlango wa uani, bila hodi, asubuhi, mchana, wakati wowote, mara ananiletea mahamri, mara anataka kiberiti, mara hataki kitu ila kukaa, na akikaa ananiuliza kwa nini nywele sizitii mafuta, kwa nini mama yangu ameniachilia kuja mbali peke yangu, kwa nini mchana nakula mkate mkavu kama mgonjwa, na mimi wallahi (neno hili nimelipata kwake) nilimpenda. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga leso na kumwitikia mtu mzima "abee" badala ya "nini".

Naomba uelewe nilikotoka. Kwetu Zwolle madirisha hatuyafungi mapazia, ukipita barabarani jioni unaiona familia nzima mezani inakula viazi, lakini huingii mpaka muwe mmeandikiana siku na saa kwenye kijitabu, hata shangazi yangu anayekaa mtaa wa pili hupiga simu wiki mbili kabla, na akija hupewa kahawa na biskuti moja, kisha mama hufunga kopo, na wakati wa chakula ukikaribia mgeni mwenyewe hujua aondoke. Siku za kuzaliwa za jamaa wote tunaziandika kwenye kalenda, na kalenda tunaitundika chooni, ili kila anayekaa pale azione asisahau. Nilikuwa nikiona huo ndio ustaarabu. Hapa nimekuta kinyume, mlango uko wazi mchana kutwa na juu yake kuna pazia, huonekani lakini hufungiwi, nikawa najiuliza ni wapi mtu yuko huru zaidi, kule ambako hasumbuliwi na mtu na anaweza kufa siku nne jirani asijue, au hapa ambako huwezi kupiga chafya mbili bila kuletewa tangawizi na nyumba tatu. Haya ndiyo masomo yangu. Natakiwa niandike kurasa mia moja juu ya namna majirani wanavyoishi pamoja, na mwalimu wangu anazitaka kabla mwaka haujaisha.

Shida ilianzia kwenye kurasa hizo. Nilikuwa nimeandika kumi na tisa tu. Siku moja Bi Mwanatabu akaingia na sinia la viazi karai, akatafuta pa kulitua, akalitua juu ya sura ya pili, mafuta yakapenya karatasi zote, akasema, "Kula kwanza, makaratasi hayana miguu." Sikukasirika. Kwetu hatukasiriki, tunapanga ratiba. Nikachukua kadibodi mbili, nikaandika kwa kalamu nene, herufi nzuri, nikabandika moja mlango wa mbele na moja mlango wa uani:

WAGENI WANAKARIBISHWA
JUMATANO NA JUMAMOSI
SAA 10 HADI SAA 11 JIONI
AHSANTE

Niliona nimeweka heshima ya kutosha kwa kuandika "wanakaribishwa" na "ahsante". Jumatano ile saa kumi nikafungua mlango nikakuta watu saba kwenye mstari, wanne wamebeba watoto, wakidhani nimefungua zahanati, na mzee mmoja akakataa kuondoka mpaka nimtazame goti, nikalitazama, nikamwambia ni goti zuri, akashukuru akaenda zake.

Wa nane alikuwa Bi Mwanatabu. Alivaa buibui na mkoba mkononi, akaja kwa mlango wa mbele ambao hakuwahi kuutumia hata siku moja, akapiga hodi mara tatu, akangoja. Nikasema karibu mama. Akaniuliza, "Viatu nivulie wapi, bibie?" Zamani aliniita "we Jori". Akakaa ukingoni mwa kiti, akaniuliza hali ya wazazi, akaniuliza kama Ulaya kuna mvua, na saa kumi na moja kamili akainuka akasema, "Muda umekwisha, nisikupotezee." Tangu hapo, sasa ni wiki ya tano, kila Jumatano na kila Jumamosi yuko mlangoni, hakosi na hachelewi, na neno la nywele zangu hajalitaja tena. Upenyo ameuziba kwa kuti jipya. Kadibodi nimezing'oa zote mbili, nikamwambia mama, njoo wakati wowote upendao, akanijibu, "La, bibie, ratiba ni ratiba."

Sasa binti yake Dhahabu anaolewa Jumamosi ya tarehe thelathini. Juzi nikaletewa kadi ya mwaliko, ina maua pembeni, jina langu limepigwa kwa mashine, "Bi Jorien na Familia", nikafurahi, nikasema amenisamehe, nikakimbia kumwonyesha Nyamvula, jirani yetu wa upande wa pili, nikamuuliza yake ina maua ya rangi gani. Nyamvula alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nipewe kadi ya nini? Mimi nimeambiwa Alhamisi niende na kisu changu na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Kadi wanapelekewa wageni wa mbali, watu wa Voi."

Bi Khairiya, mimi ni mtu wa Voi.

Nifanye nini? Niende na kadi yangu nikae kwenye viti vya wageni, au nisiende kabisa, au nimpelekee barua ya kuomba radhi, ambayo nimeshaiandika na ina kurasa nne? Masomo yangu yamefika ukurasa wa themanini, kwa kuwa hakuna anayenisumbua tena, na kila ukurasa unasema watu wa hapa ni wakarimu, na ninapouandika nyumba iko kimya kama kwetu.

Wako,
Jorien

BI KHAIRIYA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Jorien. Mimi skuli sikuingia hata kwa kupotea njia. Barua yako amenisomea mkwe wangu Samiha, na haya nasema mimi anaandika yeye, na nimemwonya asinipambie maneno. Pale penye choo nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Siku ya mtu kuja duniani, mnaitundika chooni. Haya. Kila watu na dasturi zao, mimi simo.

Kwanza nikupoze moyo. Kuchoshwa na watu si dhambi. Mimi hapa Kisauni nimekaa nyumba moja na wifi yangu Mwanabibi miaka thelathini na kitu, mwanamke aliyekuwa akifunua vyungu vyangu kabla hajanisalimu, na wallahi ningejua kuandika ningembandikia kadibodi mwaka ule ule wa kwanza. Sikujua kuandika, ndiyo sababu tukapatana.

Sasa nikugombeze. Mdomo ulikuwa nao? Ulikuwa nao, maana mahamri uliyala. Ungemwambia, "Mama, leo nina kazi, nipishe mpaka alasiri," angenuna, angekwenda kukusema kwa Nyamvula, na alasiri angerudi na muhogo. Sisi hutimuana hivyo kila siku ya Mungu. Jana nimemtoa shoga yangu humu kwa ufagio, na yeo asubuhi alikuwa hapa anakunywa chai yangu na kulalamika kuwa sukari haitoshi. Neno la mdomo hupita na upepo. Wewe lako ukalibandika, tena mlango wa uani. Mlango wa mbele andika utakalo, ule ni wa mtoza kodi na wa watu wa posa. Mlango wa uani ni wa mtu aliyekuona unafua nguo zako za ndani. Mwanamke huyo ndiye uliyemwandikia kwa kalamu nene kuwa ni mgeni, ukamwekea na saa. Naye, kwa kuwa ni Mdigo mwenye heshima zake, akasema haya bas, nitakuwa mgeni, na utaujua ugeni ulivyo. Mimi ningefanya kama yeye. Ila mkoba nisingebeba.

Nawe Bi Mwanatabu, najua maneno haya yatakufikia, kwa kuwa huyo Nyamvula hawezi kunyamaza. Wiki tano zatosha. Mtoto wa watu, mamake yuko huko kwenye baridi na kopo lake la biskuti, hana mwengine wa kumuuliza habari ya nywele zake, nawe unamkalia ukingoni mwa kiti. Ulitaka kumtia adabu, imemwingia, mwachie. Na sinia la viazi juu ya kazi ya mtu, hilo nalo ni kosa. Mimi sijui kusoma, lakini najua mafuta hayatoki.

Turudi kwako. Barua ya kurasa nne usiipeleke. Yeye, kama ni mwenzangu wa kutojua kusoma, itabidi atafute mtu wa kumsomea, na radhi inayopita mdomo wa mtu wa tatu ni baraza la mtaa. Kadi usimrudishie, utamfedhehi. Itie chini ya godoro, na siku ya harusi usiibebe.

Wewe hukualikwa Alhamisi. Nenda Alhamisi. Toka mapema, watu wakitoka tu kuswali alfajiri, kabla kazi hazijagawanywa, maana anayefika kazi zishapata wenyewe ni mgeni tena. Mlango wa mbele usiujue. Lile kuti alilozibia lisukume upite, kuti si saruji. Gauni la harusi liache, vaa leso mbili kuukuu. Kisu unacho. Mbuzi ya kukunia huna, nawe umekaa Likoni miezi yote hiyo, hilo sitalisema mbele za watu, nunua. Na daftari libaki kwako. Nikisikia ulikwenda na daftari, au umemuuliza mtu yeyote pale anauonaje ujirani, mimi na wewe tumekosana.

Ukifika, salimu wakubwa kwanza. Kisha mwendee yeye, umwambie, "Mama, nilikosa. Nipe kazi." Maneno manne. La tano ni hotuba.

Atakataa. Atakwambia, "La, bibie, wewe mgeni wetu, kaa kitini upate upepo." Hapo ndipo nyinyi hushindwa, kwa kuwa kwenu mtu akisema la, huwa ni la. Hapa la ya kwanza ni ya kukupima tu. Usikae kitini. Kaa chini na wenzio, vuta ungo, chagua mchele. Akikupokonya ungo, vuta vitunguu. Akikupokonya vitunguu, ziko nazi, na harusi haijapata kuwa na nazi chache. Atachoka yeye.

Sikufichi, utakaa hapo muda mrefu na hakuna atakayekusemesha. Mgongo utakuuma, na utasikia wanakuteta kwa Kidigo na kucheka. Vumilia, hata mimi nilipoolewa walinicheka. Kisha macho yake yataangukia ungo wako. Ataona unavyochagua, vibaya, maana umelelewa kwa viazi, na hataweza kuvumilia mchele wa harusi ya mwanawe utoke na mawe. Ataanza. Atakwambia huna mato ya kuona mawe, na nywele zako zinaingia kwenye ungo, na mamako alikufunza nini huko. Usijitetee. Usilie. Usimshukuru kwa sauti. Mgeni hagombezwi, Jorien. Mgeni akiacha mawe katika mchele huambiwa ahsante, umetusaidia sana.

Kuhusu masomo yako, mimi si mwalimu. Lakini Samiha amenihesabia, na naona kurasa sitini na moja umeziandika tangu watu waache kukuingilia, nawe mwenyewe wasema unaziandika nyumba iko kimya. Hizo zisome tena harusi ikishapita, uone kama kuna mtu ndani yake. Na ukitaka kuandika, funga komeo, akigonga mwambie kwa sauti, "Mama, naandika." Atakutusi aende zake. Kama mwalimu wako atauliza majirani wanaishi vipi, mwambie wanaishi hivyo.

Usiondoke mchana siku hiyo ya Alhamisi ukadhani umemaliza. Watu watakula, wengine watalala, wengine watakwenda kupaka hina. Yatabaki masufuria, meusi, makubwa, na hakuna anayeyataka. Kaa hapo. Na mtu akikutupia kumbi la kusugulia bila hata kukutazama usoni, lidake, mwanangu, uanze na lile kubwa.