Alikozaliwa Babu

Jumanne, Mabawe

Bora nisingeuliza.

Miezi yote hii nimehangaika kutafuta habari za Babu, askari wetu aliyeuawa kwenye vita vya Kagera, ili kesho kwenye usaili wa kitambulisho cha taifa nimtaje kifua mbele. Huku mpakani lazima wakuulize babu yako alizaliwa wapi. Nilidhani mimi nina jibu la kuwanyamazisha.

Leo nimetoka Nyakanazi hadi kwa Bibi, mjane wake. Nikampa shikamoo, nikamuuliza Babu alizaliwa kitongoji gani hapa Mabawe. Akaendelea kumenya ndizi.

"Hapa alioa tu, mjukuu wangu. Alizaliwa ng'ambo, Burundi. Alivuka akiwa mgongoni kwa mama yake."

"Sasa kesho nitasema nini, Bibi?"

"Mimi sijui. Walipompa bunduki hawakumuuliza hilo."

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nikisema kweli, mimi na Baba tunageuka wageni. Nikidanganya, namfuta mtu ambaye hata kaburi hana, halafu...

Nisamehe, Babu. Kesho utazaliwa Mabawe.